JOHN CHARNLEY: DAKTARI ALIYEJIDUNGA PLASTIKI KWENYE PAJA LAKE ILI BABU NA BIBI WATEMBEE TENA

Leo tunaweka siasa pembeni, mpira pembeni, bongo fleva pembeni. Leo tunamzungumzia mzee mmoja wa Kiingereza aliyefariki mwaka 1982, ambaye wengi wetu tuliokaa mbele ya hizi kompyuta jina lake hatulijui, lakini kazi yake inatembea mitaani kila siku. Inatembea kweli kweli, maana kazi yake ilikuwa nyonga za bandia.

Jina lake ni John Charnley. Ukimuona mzee wa watu alikuwa anatambaa kwa mkongojo, nyonga imeisha, halafu amefanyiwa operesheni na sasa anaenda sokoni mwenyewe, ujue hapo kuna mkono wa Charnley. Duniani kote operesheni za namna hiyo zinazidi milioni moja kila mwaka. Lakini njia aliyopita mpaka kufika hapo haikuwa lelemama. Kuna sehemu alishinda, kuna sehemu aliumiza watu karibu 300 bila kukusudia, na kuna siku aliamua kuuchoma mwili wake mwenyewe sindano ili ajue ukweli. Soma taratibu, ni ndefu kidogo lakini hutajuta dakika zako.

MTOTO WA MUUZA DAWA

Charnley alizaliwa tarehe 29 Agosti 1911 katika mji wa Bury, kaskazini ya Manchester, huko Uingereza. Ule ulikuwa ukanda wa viwanda vya nguo, mashine za kufuma zinanguruma mchana na usiku. Hizo mashine za kufuma ziweke akilini, zitarudi baadaye kwenye hii stori.

Baba yake alikuwa na duka la dawa, mama yake alisomea uuguzi. Kwa hiyo habari za wagonjwa alizikuta nyumbani. Alisoma shule ya Bury Grammar, akaingia Chuo Kikuu cha Manchester mwaka 1929 kusomea udaktari, akamaliza mwaka 1935. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 25 tu, tayari alishapasi mitihani ya kuwa mwanachama wa chuo cha madaktari wa upasuaji. Jamaa alikuwa kichwa, hilo halina ubishi.

Lakini kulikuwa na kitu cha tofauti kwake. Daktari wengi wanapenda vitabu na wodi. Huyu alipenda pia karakana. Msumeno, tindo, mashine ya kerezo, vipande vya chuma, hivyo ndivyo vilivyomfurahisha. Ukimkosa hospitali ungemkuta anachonga kitu.

VITA VIKAMPELEKA MISRI

Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, mwaka 1940 akaingia jeshini kama daktari. Alikuwepo kwenye purukushani ya kuwaokoa askari wa Uingereza kule Dunkirk, kisha mwaka 1941 akapelekwa Cairo, Misri. Kwa hiyo hata bara letu hili alilikanyaga.

Kule Misri majeruhi walikuwa wengi na vifaa vichache. Akapewa nafasi ya kutumia karakana ya jeshi, akaanza kubuni vifaa vya kushikilia miguu iliyovunjika na vyuma vya kuwasaidia majeruhi kutembea. Hapo ndo alipojifunza kukaa na mafundi na kuongea lugha yao. Hakuwa daktari wa kumdharau fundi. Na tutaona mbele kwamba bila fundi mmoja, jina la Charnley huenda lisingekuwa hivi lilivyo.

AKAUTOA MGUU WAKE MWENYEWE UFANYIWE MAJARIBIO

Vita ilipoisha akarudi kwao, na mwaka 1946 akawa kwenye hospitali ya mifupa ya Oswestry. Huko akashikwa na swali moja: mfupa unapopandikizwa, unaungaje? Kipande kilichopandikizwa kinaishi au kinakufa halafu mfupa mpya unajengwa juu yake?

Sasa mtu mwingine angechukua sungura. Yeye akamwomba daktari mwenzake amchane muundi wake, atoe vipande vya mfupa na kuvipandikiza hapo hapo mguuni, ili aone matokeo. Yaani daktari mzima, hana ugonjwa wowote, analala mezani kukatwa mfupa! Kidonda kikaingia vijidudu, mfupa ukaoza usaha, ikabidi afanyiwe operesheni nyingine. Ilikuwa soo kubwa.

Unaweza kusema huyo ni kichaa. Lakini shika jambo moja hapa, maana ndilo uti wa habari yote: tangu mwanzo Charnley aliuona mfupa kama kitu kilicho hai. Mfupa si mbao wala nguzo ya zege. Una damu, una seli zinazobomoa na seli zinazojenga, kila siku, hata sasa hivi unaposoma hapa.

Kanuni hii ilishaelezwa zamani na daktari Mjerumani, Julius Wolff, kwenye kitabu chake cha mwaka 1892. Kwa lugha ya kijiweni ni hivi: mfupa unaobebeshwa mzigo unanenepa na kuwa imara, mfupa usio na kazi unakonda na kuwa mwepesi. Ndiyo maana wanaanga wakikaa angani, ambako mwili hauna uzito, mifupa ya nyonga na mapaja inapoteza kama asilimia 1 ya madini yake kila mwezi. Mfupa ni kama kibarua: ukimnyima kazi, anaondoka. Kumbuka hilo.

NYONGA ILIYOLIA KAMA MLANGO

Mwaka 1947 akawa daktari bingwa hospitali kuu ya Manchester. Mwaka 1950 akatoa kitabu cha kutibu mifupa iliyovunjika bila kupasua, kikasomwa sana na madaktari. Angeweza kutulia hapo, ale maisha.

Lakini kulikuwa na tatizo la nyonga. Ngoja nieleze kwa wale ambao baiolojia ilitupita pembeni. Nyonga ni kiungo cha mpira ndani ya kikombe. Mfupa wa paja juu yake una kichwa cha mviringo, na kichwa hicho kinazunguka ndani ya kikombe kilichopo kwenye mfupa wa kiuno. Katikati kuna gegedu laini linaloteleza kuliko kawaida. Baridi yabisi ikila hilo gegedu, mfupa unasaga mfupa. Maumivu yake usiombe. Mtu halali, hatembei, hata kuvaa soksi ni kazi.

Wakati ule kulikuwa na ndugu wawili wa Paris, akina Judet, ambao tangu 1946 walikuwa wanakata kichwa cha mfupa na kuweka kichwa cha plastiki ngumu. Mwanzoni ilionekana tiba kweli. Halafu vikaanza kulegea.

Charnley alipata mgonjwa mmoja wa namna hiyo, ambaye nyonga yake ilikuwa inalia. Yaani akiinama mezani wakati wa chakula inatoa mlio kama mlango usiopakwa mafuta, mpaka mkewe akawa hawezi kukaa naye chumba kimoja. Watu wengine wangecheka wakapita. Charnley akajiuliza kwa nini inalia. Jibu: inakwaruza. Na kama inakwaruza, basi kila hatua mgonjwa anayopiga inakivuta kile kichwa na kukilegeza kwenye mfupa.

Akaingia maabara kupima viungo vya kawaida. Akakuta kiungo kizima cha mwili kinateleza kuliko hata barafu. Kumbe siri haikuwa majimaji tu, ilikuwa ule ulaini wa gegedu lenyewe. Kwa hiyo akawaza: nyonga ya bandia itafutiwe kitu kinachoteleza chenyewe, bila kutegemea mafuta ya mwili.

HOSPITALI YA KIFUA KIKUU INAGEUKA KIWANDA CHA NYONGA

Ili afanye hayo alihitaji sehemu yake. Akaipata Wrightington, karibu na mji wa Wigan. Ilikuwa hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu, lakini dawa mpya zilikuwa zimepunguza wagonjwa na vitanda vikabaki. Mwishoni mwa miaka ya 1950 akaanza kuhamishia nguvu zake huko, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 pakawa kituo rasmi cha upasuaji wa nyonga. Watu wa mjini walimshangaa: unaachaje hospitali kubwa uende kijijini? Yeye alikuwa anatafuta utulivu na karakana.

Nyonga yake ilikuwa na mambo matatu mapya, na yote yana akili ya fundi.

La kwanza, kichwa kidogo. Wenzake walitumia kichwa kikubwa kama kile cha asili, kama milimita 40 hivi. Yeye akashuka mpaka milimita 22. Kwa nini? Chukua spana ndefu na spana fupi, utajua. Kichwa kikubwa kinapozunguka kinakivuta kikombe kwa nguvu kubwa, kichwa kidogo kinakivuta kidogo. Kikombe hakilegei haraka, halafu kinapata nafasi ya kuwa kinene.

La pili, saruji. Mtaalamu wa vifaa vya meno pale Manchester, Dennis Smith, alimshauri atumie akriliki, ile ile jamii ya plastiki wanayotengenezea meno ya bandia. Charnley akaitumia kama fundi ujenzi anavyotumia saruji: si gundi ya kubandika, bali kitu cha kujaza kila uwazi kati ya shina la chuma na mfupa, ili mzigo usambae eneo lote badala ya kukita sehemu moja. Hapo alimwelewa yule mfupa hai. Mfupa unaogandamizwa sehemu moja unabomoka, mfupa unaogawiwa mzigo vizuri unatulia.

La tatu, kikombe cha kitu kinachoteleza. Akachagua teflon, ile inayopakwa kwenye kikaango chakula kisishike. Alikuwa anavichonga vikombe mwenyewe kwenye kerezo nyumbani kwake.

KISHA KASHESHE IKAANZA

Wagonjwa wa kwanza walipona kimiujiza. Watu waliokuwa hawalali usiku wakaanza kutembea bila maumivu. Ungekuwa wewe ungetangaza dunia nzima, si ndiyo? Kati ya 1958 na 1962 wagonjwa karibu 300 wakawekewa teflon.

Halafu mmoja mmoja wakaanza kurudi. Ndani ya miaka miwili mitatu maumivu yamerejea. Charnley akiangalia eksirei anaona kichwa cha chuma kimetoboa kikombe kama njia ya gari kwenye barabara ya udongo. Na kibaya zaidi, mfupa unaozunguka kiungo ulikuwa unatoweka. Pale palipokuwa peupe kwenye picha, yaani mfupa mzito, pakawa na mashimo meusi.

Akawafungua. Ndani akakuta uchafu mzito kama jibini, uliotokana na vumbi la teflon. Kila hatua ya mgonjwa ilikuwa inasaga unga kidogo, ule unga unajaa kwenye nyama, mwili unakasirika na kupigana nao, na katika vita hiyo mfupa ndio unaolipa.

Jiwekeni kwenye nafasi yake. Watu 300 walimwamini. Walikuja na furaha, wakaondoka na furaha, sasa wanarudi na mikongojo. Angeweza kuwalaumu wagonjwa kwamba wanatembea sana. Angeweza kunyamaza. Yeye alisimama mezani akaanza kuwafungua tena, operesheni baada ya operesheni, kutoa kile alichokiweka kwa mkono wake. Kila mgonjwa ilikuwa kama kusoma barua ya kosa lake. Na akaandika wazi kwenye jarida la madaktari la Lancet mwaka 1963 kwamba teflon haifai, ili daktari mwingine yeyote asiirudie.

FUNDI HARRY NA PLASTIKI YA KIWANDA CHA NGUO

Hapa ndipo zinaporudi zile mashine za kufuma.

Charnley alikuwa na fundi wake wa karakana, kijana anaitwa Harry Craven. Huyu alikuwa ametengeneza mashine ya kusugua plastiki usiku na mchana ili kupima inalika kiasi gani. Mwezi Mei 1962 akapita mtu wa mauzo, ana plastiki mpya aina ya polithini nzito, iliyokuwa inatumika kutengeneza gia za mashine za kufuma za Lancashire. Craven akampelekea bosi. Bosi akaibonyeza kwa kucha, akaona si lolote si chochote, akaikataa.

Charnley akasafiri kwenda Copenhagen. Fundi Harry naye, badala ya kuitupa ile plastiki, akaifunga kwenye mashine kimya kimya. Ikasugua siku, ikasugua wiki. Baada ya wiki tatu ilikuwa imelika kidogo kuliko teflon inavyolika kwa siku moja.

Bosi akarudi safari, akaitwa aje aangalie. Akaangalia, akapima, akakubali. Hapo nampa saluti mara mbili: moja kwa fundi aliyeendelea na kitu kilichokataliwa, nyingine kwa bosi aliyekubali kwamba kijana wa karakana kamuona mbele. Wangapi kazini kwetu wangekubali?

SINDANO KWENYE PAJA

Lakini Charnley alikuwa ameshaungua na teflon, hakutaka kuungua tena na wagonjwa. Swali lilikuwa: vumbi la hii plastiki mpya litafanya nini mwilini?

Akachukua unga wa teflon na unga wa polithini, akajiingiza mwenyewe kwa sindano chini ya ngozi ya paja lake. Halafu akasubiri. Baada ya muda, pale kwenye teflon palikuwa na vinundu vinavyoshikika, vimevimba. Pale kwenye polithini ilikuwa tabu hata kupapasa mahali penyewe. Akajua njia ni hii.

Novemba 1962 mgonjwa wa kwanza akawekewa kikombe cha polithini. Safari hii Charnley hakupiga kelele. Kwa miaka kadhaa alizuia nyonga yake isiuzwe ovyo kwa kila daktari. Ukitaka kuitumia, njoo kwanza Wrightington ujifunze. Alitaka aone inakaaje miaka mitano, kumi. Na aliwaomba wagonjwa wake waahidi kwamba wakifariki, nyonga irudishwe ili aichunguze. Wengi walikubali kwa moyo mmoja. Mtu aliyekuondolea maumivu ya miaka, utamnyimaje?

Hakuishia hapo. Tatizo jingine lilikuwa usaha baada ya operesheni, kama wagonjwa 7 katika 100. Akashirikiana na watu wa mitambo ya hewa, akajenga chumba kama banda la vioo ndani ya chumba cha upasuaji, hewa iliyochujwa inashuka kutoka juu, na madaktari wamevaa nguo za kufunika mwili mzima zenye mpira wa kunyonya pumzi yao. Wagonjwa wenye usaha wakashuka mpaka chini ya 1 katika 100. Picha za watu waliovaa kama wanaanga chumba cha upasuaji, chanzo chake ni huko.

SASA MFUPA NAO UNA MANENO YAKE

Wadau, hapa ndo penye utamu wa kisayansi, msikimbie.

Mfupa ukishawekewa chuma haubaki kama ulivyokuwa. Unabadilika. Charnley alilijua hilo, akawa anafuatilia eksirei za wagonjwa wake mwaka hadi mwaka. Mwaka 1976 yeye na daktari wa Kimarekani, Jesse DeLee, waligawa eneo linalozunguka kikombe katika kanda 3, ili daktari akisema mfupa umelegea ajulikane anasema wapi. Mwaka 1979 Gruen na wenzake wakagawa eneo la shina kwenye paja katika kanda 7. Mpaka leo madaktari wanatumia ramani hizo.

Mfupa unapungua kwa njia mbili tofauti, tusizichanganye.

Njia ya kwanza ni ile ya kibarua aliyenyimwa kazi. Zamani uzito wako ulipita kwenye kichwa cha mfupa, ukashuka kwenye ukuta wa juu wa paja. Sasa umeingiza shina la chuma. Chuma cha pua ni kigumu kama mara kumi ya mfupa, kwa hiyo kinaubeba mzigo chenyewe na kuupeleka chini. Mfupa wa juu unabaki unatazama tu. Wolff alishasema: asiye na kazi anakonda. Wakipima kwa mashine maalum ya eksirei inayohesabu madini ya mfupa, wanakuta eneo la juu upande wa ndani wa paja limepoteza hata asilimia 20 au zaidi, na sehemu kubwa ya upotevu huo inatokea mwaka wa kwanza. Kisha kasi inapungua. Wakati huo huo kule chini, kwenye ncha ya shina, mfupa unaweza kunenepa kwa sababu mzigo unashukia pale. Ndiyo maana wahandisi wa baadaye walitafuta titani, ambayo ugumu wake ni kama nusu ya ule wa chuma, na mashina mafupi, ili mfupa urudishiwe kazi yake.

Njia ya pili ni ile ya vumbi. Polithini ilikuwa bora mno kuliko teflon, lakini nayo inalika, taratibu, mwaka hadi mwaka. Chembe zake ni ndogo, nyingi hazifiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Seli za ulinzi zinazimeza, zinashindwa kuziyeyusha, zinapiga kelele ya kemikali, na kelele hiyo inaziamsha seli zinazobomoa mfupa. Matokeo ni mashimo kuzunguka kiungo, mgonjwa haumwi mpaka siku kinalegea.

Miaka ya 1970 na 1980 wengi walidhani kosa ni la saruji, wakauita ugonjwa wa saruji. Wakatengeneza nyonga zisizo na saruji. Kumbe mashimo yakaja vile vile! Hapo ndo ikaeleweka kwamba mwizi mkubwa ni vumbi, lile lile ambalo Charnley alilikuta kwenye vidonda vya wagonjwa wake wa teflon. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ikaingia polithini iliyoimarishwa kwa mionzi, inayolika kidogo zaidi, na mashimo yakapungua sana.

MWISHO WA SAFARI YAKE

Heshima zilimfuata. Mwaka 1974 alipewa tuzo ya Lasker ya Marekani, mwaka 1975 akaingizwa kwenye jumuiya ya wanasayansi wakubwa wa Uingereza, ya Royal Society, jambo la nadra kwa daktari wa mifupa. Mwaka 1977 Malkia akampa cheo cha Sir. Mwaka 1979 akatoa kitabu chake kikubwa cha nyonga.

Nyumbani alichelewa kidogo kuoa. Alimuoa Jill Heaver mwaka 1957, akiwa na miaka 45, wakapata watoto wawili. Na kerezo lake halikukosa kazi.

Alifariki kwa ugonjwa wa moyo tarehe 5 Agosti 1982, bado wiki chache atimize miaka 71. Alikuwa bado anafanya kazi.

INATUHUSU NINI SISI?

Najua kuna mdau atauliza hapo chini, habari za wazee wa Kizungu na nyonga zao zinatuhusu nini vijana. Zinatuhusu sana.

Kwetu nyonga haziharibiki kwa uzee tu. Ugonjwa wa seli mundu, ambao Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazozaliwa watoto wengi wenye nao, unaweza kuziba mishipa midogo ya damu mpaka kichwa cha mfupa wa paja kikafa na kubomoka. Hapo mgonjwa ana miaka 20 au 25. Na ajali za barabarani mnazijua wenyewe. Operesheni hizi zinafanyika huku kwetu pia, kwa mfano taasisi ya mifupa ya MOI pale Muhimbili.

Sasa kijana akiwekewa nyonga ana miaka mingi mbele. Utafiti mkubwa uliotoka mwaka 2019 ulikadiria kwamba nyonga za bandia 58 katika 100 zinadumu miaka 25. Ni jambo zuri, lakini ina maana pia kwamba kijana wengi watahitaji operesheni ya pili. Na operesheni ya pili inategemea kitu kimoja: mfupa uliobaki. Kama umekonda au umejaa mashimo, daktari hana pa kushikiza. Ndiyo maana mtu akiambiwa arudi kliniki kupigwa eksirei hata kama hasikii maumivu, aende. Mashimo hayapigi hodi. Na akiambiwa ainuke kitandani atembee, asidhani daktari anamtesa. Mfupa unataka kazi.

Mimi ninachokichukua kwa mzee Charnley si akili zake, maana kichwa kama kile Mungu hakugawa kwa wote. Nachukua vile alivyofanya mambo yalipoharibika. Wagonjwa 300 wangeweza kuzikwa kwenye mafaili. Yeye aliwafungua tena, akaandika, akajidunga mwenyewe kabla ya kuwagusa wengine, na akamsikiliza fundi. Huku kwetu daraja likibomoka, dawa ikiharibika, mtihani ukivuja, wa kwanza kutafutwa ni wa kutupiwa lawama. Tungepata akina Charnley kumi tu serikalini, pangekuwa pengine.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Una mzazi au ndugu aliyebadilishiwa nyonga? Anaendeleaje? Na wale wanafunzi wa udaktari mnaopita humu, kama kuna nilipopaacha pajazieni hapo chini kwenye maoni. Matusi hapana, hoja ruksa. Tuko pamoja.